Glavu ya Mkono wa Kulia

Chumba cha nyuma cha nyumba yangu ya mjini, pale Sokon I, hakina kitanda. Kina kabati la vioo lililotolewa kwenye duka la dawa lililofungwa, na ndani yake nimepanga vitu vya mtu ambaye hakuwa ndugu yangu, hakuwahi kunijua jina, na alifariki nikiwa darasa la nne. Majirani wanasema nina wazimu wa kistaarabu. Mwanangu mkubwa anasema wageni wanalala sebuleni wakati vitu vya marehemu vina chumba chao. Ana haki ya kusema. Mimi huingia mle jioni kabla sijawasha taa, mwanga wa nje ukiwa umebaki kidogo kwenye vioo, nikakaa kwenye stuli na kuviangalia mpaka nahisi vyenyewe ndivyo vinavyoniangalia.

Mwenye vitu alikuwa kiongozi. Sisi wa upande wa mlimani tulimwita Mheshimiwa, na nitamwita hivyo hivyo hapa. Alishika vyeo ambavyo sisi watoto hatukuvielewa. Tulichokielewa ni gari lake, na kwamba Jumamosi alirudi kutoka mjini uso umeiva kwa jua, na nyuma ya gari limelala begi refu lililojaa fimbo za chuma. Alipenda gofu kupita kiasi. Kijijini hakuna aliyewahi kuuona mchezo huo. Baba yangu alituambia ni sawa na kuchunga mbuzi, ila mbuzi mwenyewe ni mmoja, mweupe, hana miguu, na kila ukimkaribia unamchapa aende mbali. Tulimwamini, maana hatukuwa na habari nyingine.

Watu wakiniuliza kwa nini nakusanya vitu vya Mheshimiwa, huwa najibu kwamba ni historia. Ni uongo. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa natafuta kitu kimoja tu, glavu yake ya gofu ya mkono wa kulia. Ilisemekana ilipotea siku nguo zake zilipofuliwa baada ya msiba, na aliyezifua alikuwa mama yangu.

Kwetu mtu akishazikwa, ukoo hukaa baada ya siku chache kuanua tanga, na nguo zake hugawiwa. Koti huenda kwa huyu, viatu kwa yule, kila kitu na mtu wake. Kabla ya kugawiwa lazima zifuliwe, na si kila mwanamke anaitwa kuzifua. Wanaitwa wachache wanaoaminika. Mama hakuwa wa ukoo ule, alikuwa jirani tu, kwa hiyo kuitwa kwake kulikuwa heshima kubwa. Nakumbuka alivyofunga kitambaa kichwani asubuhi ile, akakifungua, akakifunga tena.

Siku yenyewe naikumbuka kwa ukungu. Ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Meru mpaka kwenye migomba, na sauti za akina mama kwenye mfereji zilinifikia bila watu wenyewe kuonekana. Nilikaa juu ya jiwe. Maji yalipita na povu, povu likapita na majani, na mimi nikawa nasinzia na kuamka. Nilipoamka mara ya mwisho jua lilikuwa limetoka, na nguo zote zimetandazwa juu ya ua wa masale kuzunguka boma la Mheshimiwa. Mashati yake yalikuwa yamefungua mikono. Upepo ulipopita yaliinua mikono kidogo, yote kwa pamoja, na kwa akili yangu ya kitoto niliona Waheshimiwa wengi wamesimama uani wakituaga. Nikapunga mkono. Mama aliniona, akacheka, akaficha kicheko kwa khanga kwa sababu ya msiba.

Alasiri mzee wa ukoo alikaa kwenye kigoda na nguo zikaletwa mbele yake. Soksi ziliwekwa jozi jozi, viatu jozi jozi. Akaitoa glavu moja nyeupe, ya mkono wa kushoto. Akapekua chini, akapekua juu, akauliza nyingine iko wapi.

Kitu cha marehemu hakigawiwi nusu, hilo kila mtu alilijua. Wakaangaliana, kisha wakawaangalia waliofua. Na hapo mama yangu akafanya kosa ambalo mwanamke mwungwana wa kwetu angelifanya, na mwingine yeyote asingelifanya. Badala ya kusema sikuiona, aliona aibu kwa niaba ya wote, akasema kwa sauti ya chini, "Labda mfereji umeichukua."

Alisema labda. Kufika jioni lile labda lilikuwa limeshaanguka njiani, na kilichobaki ni kwamba amekiri.

Waliitafuta. Walifuata mfereji mpaka chini kabisa, wakipasua majani kwa mapanga. Mama alishinda majini siku tatu, maji ya baridi ya mlimani, mpaka miguu ikavimba. Baadaye nilielewa kwamba hakuwa anajifanya. Aliamini kweli kwamba aliipoteza. Alikuwa amefua vitu vingi kwa haraka, mikono imekufa ganzi, na kadiri alivyofikiri ndivyo alivyoanza kuikumbuka ile glavu ya kulia, jinsi alivyoishika, jinsi alivyoikamua. Aliniambia mimi mwenyewe, mtoto, kwamba ilikuwa na kitufe.

Glavu ya kushoto ilirudishwa kwa mjane, akaitia kwenye kopo la biskuti. Na maneno yakaanza kutembea. Mkono wa kulia ndio unaosalimia, ndio unaopokea, ndio unaowekwa kichwani kwa baraka. Sasa mtu anachukua mkono wa kulia wa mtu mkubwa aupeleke wapi? Kanisani tulifundishwa tusiamini mambo hayo ya uchawi, na kanisani hatukuyaamini. Tuliyaamini tukifika jikoni. Nilipofaulu kwenda sekondari, peke yangu katika darasa letu, mama mmoja alisema kisimani, "Si mnaona wenyewe." Nilikuwa nyuma yake na ndoo. Hasira niliyoipata siku ile ninayo mpaka leo, imepungua ukali tu.

Hakuna aliyemtukana mama. Walichomfanyia kilikuwa kitu laini zaidi. Kwetu kwenye msiba akina mama wa pale hukaa chini na visu, wakimenya ndizi na kupiga soga, mikono imejaa utomvu. Mgeni ndiye anayeletewa kiti. Tangu mwaka ule, kila msiba aliokwenda, mama alipokelewa na mtu mwenye kiti cha plastiki. "Karibu kiti, mama." Sauti nzuri kabisa. Akiinama kuchukua kisu aliambiwa, "Aa, pumzika mama, tunamaliza." Akakaa. Miaka zaidi ya thelathini mama yangu amekaa kwenye kiti katika misiba ya kijiji alichoolewa akiwa msichana, mikono imelala mapajani, misafi.

Mimi nilishuka mjini nikajifunza kazi ya mikono. Nashona siti za magari pale Ngarenaro, ngozi na vitambaa, na katika uchochoro wetu wa mafundi mwanamke niko peke yangu. Nilipokwisha kuwa na meza yangu na cherehani yangu nzito ndipo wazo likanijia, na lilinijia wakati nazifunika siti za gari la zamani lililofanana na la Mheshimiwa. Nilifikiri hivi: kama nitavipata vitu vyake vyote, kimoja baada ya kingine, basi mahali fulani, mfukoni mwa koti au ndani ya kiatu, nitaikuta glavu ile imejikunja. Nitampelekea mama. Naye atampelekea mjane. Niliiota mara nyingi hivyo, na katika ndoto ilikuwa bado na unyevu.

Basi nikaanza kupanda mlima siku za Jumamosi. Vitu vya Mheshimiwa vilikuwa vimetawanyika kwenye maboma, na karibu vyote vilikuwa bado kazini. Viatu vyake vya gofu vyenye misumari chini nilivikuta kwa mpwa wake, ambaye kila masika alivivaa kupanda shamba la kahawa, maana havitelezi kwenye tope. Alinisifia viatu vile kana kwamba Mheshimiwa alivinunua kwa ajili ya tope letu. Nilimshonea makochi mawili ndipo akaniachia, na hata hivyo aliniomba nimwazime mvua zikizidi. Mwavuli wake mpana wa rangi mbili ulikuwa mali ya ukoo mzima. Kila mazishi uliletwa kumfunika mchungaji, na mchungaji wa sasa hamjui kabisa mwenye mwavuli. Huo sikuupata. Niliuomba kuupiga picha tu.

Mpira mmoja wa gofu niliutoa chini ya kuku. Mama mwenye kuku alikuwa ameuweka kwenye kiota ili kuku atage palepale asihangaike porini, na kuku mwenyewe alikuwa ameulalia miezi na miezi kwa matumaini. Nilipoutoa alinidonoa. Nilimwonea huruma, nikarudi wiki iliyofuata na yai la mbao.

Fimbo moja ilishafika Terrat, kwa mzee wa Kimaasai aliyeipata kwa kubadilishana na mbuzi. Alikuwa akiitembelea, kile kichwa cha chuma amekishika juu kiganjani, na ncha ya chini imelika kwa mawe. Akaniambia ni fimbo nzuri ila walioitengeneza waliiweka kichwa chini. Aliniruhusu niishike dakika chache. Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta wa duka, vumbi linapita, na mlima umesimama mbali upande wa kaskazini, wa buluu, kama kitu kilichofikiriwa tu. Niliondoka mikono mitupu na moyo mwepesi, wala sijui kwa nini.

Nyumba moja tu sikuwahi kuikanyaga katika safari zote hizo. Nyumba ya Mheshimiwa mwenyewe, ambako mjane wake alikuwa bado hai na kopo lake la biskuti. Ningepitaje getini bila glavu?

Mama alijua ninakusanya. Hakuniuliza kwa nini, nami sikumwambia. Lile neno glavu halikutamkwa nyumbani kwetu tangu nilipokuwa mtoto. Aliniuliza tu kama nakula vizuri, na kama wateja ni wengi. Mara moja aliniagiza kitu. "Ukipata kipande cha ngozi nyeupe, laini, niletee. Nataka kuivalisha Biblia yangu." Nilimpelekea mabaki ya siti moja ya kifahari. Nilipokwenda tena, Biblia ilikuwa uchi vilevile. Akasema amekosea kukata, nimletee kipande kingine. Nikaleta. Akakosea tena. Cha tatu nilimwambia, "Mama, hiyo Biblia yako ina kona ngapi?" Akacheka mpaka akajifuta macho.

Mwaka huu, mvua za masika zikianza, mzee mmoja mwembamba aliingia karakana akiwa na begi refu begani. Nililitambua umbo lake kabla hajalitua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Mkanda umekatika. Si la kwangu, ni la bosi. Mimi ni kedi, kazi yangu kubeba."

Nikamwambia akae, nikaanza kutoa vitu mifukoni ili nilishone vizuri. Vijiti, mipira, taulo. Kutoka mfuko wa pembeni ikatoka glavu nyeupe. Ya kushoto. Moyo ulinipasuka kidogo, kama inavyokuwa ukimwona mtu njiani anayefanana na marehemu wako. Nikaingiza mkono tena mfukoni mpaka kwenye mshono wa chini.

"Na nyingine iko wapi?" nikauliza.

"Nyingine ipi?"

"Ya kulia."

"Haipo."

"Imepotea?"

Mzee aliniangalia kwa upole. "Fundi, gofu wanavaa moja. Huyu anayecheza mkono wa kulia anavaa ya kushoto. Kushoto ndiko kunakobana fimbo huku juu, ndiko kunakochubuka. Kulia wanauacha wazi."

"Wote?"

"Karibu wote. Hata dukani zinauzwa moja moja."

Cherehani ya jirani ilikuwa inanguruma, kisha nikawa siisikii. Nikamuuliza kama aliwahi kumjua Mheshimiwa wa kule mlimani. Uso wake ukafunguka. Alimbebea begi akiwa kijana, kwa misimu mingi. Akasema Mheshimiwa alikuwa mtu wa kutunza vitu, hanunui glavu mpya mpaka ya zamani itoboke, na mchezo ukiisha alizunguka kumsalimia kila kedi kwa ule mkono usio na glavu.

"Mzee, alivaa moja?"

"Moja, mama. Siku zote moja."

Palikuwa na siti ya gari sakafuni, niliyokuwa nimeimaliza asubuhi. Nilikaa juu yake. Nilikaa kwenye siti ya mbele ya gari lisilokuwepo, nikaona uchochoro, mafundi, bodaboda na matope vikipita taratibu mbele yangu, na nikalia bila kujificha. Simu ninayo mfukoni, ya kisasa, inajua kila kitu. Ningeiuliza neno moja tu miaka mingi iliyopita. Sikuiuliza kwa sababu mtu haiulizi simu jambo ambalo analijua. Glavu ni mbili, nani asiyejua? Mzee wa ukoo alijua, mjane alijua, mama alijua. Na uwanja wa gofu nilikuwa naupita karibu kila wiki, nikiwaona watu wadogo wadogo kwa mbali kwenye majani, mikono yao haionekani.

Mzee alisubiri mpaka nilipomaliza. Nilimweleza yote. Akasema, "Mkanda unaweza kusubiri. Jumamosi sina kazi mchana."

Tulipanda naye Jumamosi, bodaboda mbili, ukungu ukituandama. Njia nzima nilikuwa natayarisha maneno. Niseme ukweli, nilitaka mjane apige magoti. Nilikuwa nimetunza sentensi kali tangu kisimani, nyingine nimezinoa kwa miaka, na nilikuwa nazipanga nianze na ipi.

Alitupokea barazani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, sweta juu ya sweta. Niliposema mimi ni mtoto wa nani, aliingia ndani mwenyewe na kurudi na kopo. Glavu ilikuwa imekauka na kuwa ya manjano. Kedi aliipokea kwa mikono miwili. Akachukua mkongojo wa mjane, akasimama uani kama anavyosimama mchezaji, akamwonyesha mkono upi unakaa juu na upi chini, upi unavikwa na upi unaachwa. Alieleza polepole, bila kumlaumu mtu. Kuku walikuwa wakipita kati ya miguu yake.

"Alikuwa ananiita twende nikamwone akicheza," mjane akasema baadaye. "Namwambia nani atakamua ng'ombe. Nimeishi na mume wangu miaka yote ile, sikujua anavaa glavu ngapi."

Sentensi zangu zote kali zikakosa mahali pa kutua. Nilimwona tu mwanamke mzee aliyekosa kumwona mumewe akifurahi.

"Mama yako yu mzima?" akaniuliza.

"Yu mzima."

"Bado anakaa kwenye kiti." Hakuwa anauliza. Aliniambia.

Akaomba kisu. Nilitaka kumsaidia akakataa. Alikwenda kwenye ua, ule ule ulioanikiwa mashati, akakata jani la isale na kulifunga fundo. Kwetu mtu akikujia na isale lililofungwa, amekuja kuomba msamaha, na huwezi kumrudisha. Nyumba zetu haziko mbali, lakini tulitumia muda mrefu, mimi nimemshika mkono, kedi nyuma yetu na kopo.

Mama alikuwa uani anapepeta maharage. Aliliona isale kabla hajatuona sisi. Akasimama.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, jirani," mjane akasema. "Ile glavu haikupotea. Haikuwepo."

Kedi akaeleza tena. Mama alimsikiliza akiwa ameshika ungo kifuani.

"Moja?" akauliza.

"Moja, mama."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimeota furaha yake kwa miaka. Alikaa chini taratibu, akatazama upande wa mfereji, akasema, "Na mimi nakumbuka nilivyoikamua." Iliniuma kuliko kitu chochote walichowahi kumfanyia. Walimfanya akumbuke kitu ambacho hakikuwepo.

Kisha akapokea isale kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Akaingia ndani. Alikaa huko muda, tukasikia sanduku likifunguliwa. Aliporudi alikuwa na kitambaa kilichokunjwa, akakifungua mapajani mwa mjane. Ndani kulikuwa na glavu nyeupe ya mkono wa kulia, ya ngozi laini, mishono ya mkono midogo midogo, na kitufe.

"Nilishona tatu," akasema. "Mbili zilinikataa. Hii ilikubali. Nilikuwa natafuta siku ya kukuletea."

Niliitambua ngozi yangu. Mjane aliigeuza, akaipima kwa macho karibu na ile ya kushoto.

"Mbona ndogo hivi?"

"Mkono wake sikuwa nao," mama akasema. "Nilipimia wangu."

Mjane alilia hapo, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili. Mama ndiye aliyembembeleza. Alipotulia alimwambia mama aivae, mama akaivaa, ikakaa sawasawa. Sote wanne tukaiangalia. Kisha mjane akasema, "Siku yangu ikifika, nguo zangu utafua wewe. Nitawaambia wanangu."

"Nitafua," mama akajibu. "Lakini soksi zako tutazihesabu mapema, ukiwa hai."

Wakacheka, wazee wawili, mpaka kedi naye akacheka.

Mjane alinipa glavu ya kushoto, na sasa iko kabatini, rafu ya kati. Nilimwomba mama ile ya kulia niiweke pembeni yake. Akakataa. Akasema si ya Mheshimiwa, ile ni ya kwake, na mpaka leo anaivaa jikoni kushikia sufuria la moto. Nimeliacha wazi lile pengo kwenye rafu. Jioni nikikaa kwenye stuli macho yangu huenda pale kwanza.

Wiki chache baadaye palitokea msiba bondeni. Nilitoka mjini nikachelewa, nikafika watu wameshajaa, na mtu akanijia na kiti cha plastiki. "Karibu kiti, mama." Nikakaa. Nikatazama viti vyote vya wageni, safu kwa safu, sikumwona mama, na kwa muda niliingiwa na hofu. Ndipo nikamwona chini, kwenye marundo ya ndizi, mgongo kwangu, katikati ya akina mama wengine, kisu mkononi. Alikuwa anaongea. Hakugeuka kunitazama, wala mimi sikumwita.

Utomvu wa ndizi hautoki upesi. Kesho yake ilikuwa Jumapili, nikampa limau na sabuni, akavisukuma pembeni. Alivaa gauni lake zuri, akaenda kanisani na mikono ile myeusi, na ibada ilipokwisha alisimama mlangoni akasalimiana na watu wote, mmoja mmoja, kwa mkono wa kulia.